Edward Saidi Tingatinga: Kibarua Aliyetuachia Rangi



Tupo kwenye mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Kwa kawaida hapa tunasoma maisha ya watakatifu, wale ambao Kanisa limeshatuambia wazi kwamba wapo mbinguni. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya kalenda. Nataka tumkumbuke marehemu mmoja ambaye hajatangazwa mtakatifu, lakini jina lake mmelisikia wote, hata kama hamkujua kwamba ni jina la mtu.

Sababu ya kumwandika ni hii. Jumapili moja niko likizo nyumbani, hapa Kumsenga, baada ya Misa kijana mmoja alinisubiri nje ya kigango. Tumesoma naye shule ya msingi. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Tangu hapo amelima maharage ya watu, amebeba matofali, amepaka rangi nyumba za watu Kibondo mjini, amepata kibarua cha miezi mitatu kambini kwa wakimbizi, mkataba ukaisha, akarudi kwa mama yake. Akaniuliza, Frateri, hivi Mungu ana mpango gani na mtu ambaye kila baada ya miezi michache anaanza upya? Hakuuliza kwa utani. Macho yalikuwa yamejaa.

Mimi nina shahada ya falsafa. Nimefanya mitihani juu ya hatima ya binadamu na nikafaulu. Siku ile nilikosa jibu. Nikamwambia nitamwandikia. Basi, ndugu yangu, haya ndiyo niliyopata, na wengine nao wasome.

Ukisema tingatinga huku kwetu, mtu anawaza lile dude la kuchonga barabara. Ukilisema Dar es Salaam au Zanzibar, kwa wanaouza vitu kwa watalii, mtu anawaza picha: chui mwenye madoa ya duara, ndege mwenye mkia mrefu, twiga, kiboko, rangi zinazong'aa kama zimepakwa asubuhi ya leo. Picha hizo zinaitwa tingatinga kwa sababu mtu wa kwanza kuzichora aliitwa hivyo: Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha wilaya ya Tunduru, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono, wanaolima wapate kula. Mama alikuwa Mkristo, Mmakua. Baba alikuwa Mwislamu, Mngindo. Ndiyo maana jina lake limebeba pande zote mbili, Edward na Saidi. Nyumba za namna hiyo tunazijua, zipo nyingi tu nchini, na watoto wake wanajifunza mapema kuishi na watu wasiofanana nao.

Shule aliipata kidogo. Shamba alilipata sana. Na kule kusini kuna jambo moja zuri ambalo watu wanalo tangu zamani: nyumba ya udongo ikishakandikwa, kuta zake zinaweza kurembwa kwa michoro. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo, na mchoraji haweki sahihi. Mvua ikinyesha sana, inaondoka yote, mnaanza tena. Watoto wa huko wanakua wakiona kwamba ukuta wa maskini nao una haki ya kupendeza.

Mwaka 1957 mama yake alifariki. Edward alikuwa na miaka 25. Akaondoka nyumbani kutafuta kazi, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge.

Hapa vijana wa Kasulu na Kibondo naomba tusimame kidogo, kwa sababu habari hii ni yetu pia. Miaka ile Buha ilikuwa mahali pa kuchukulia vibarua. Shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoitwa SILABU lilikuja mpaka huku kuandikisha wanaume, likawasafirisha kwenda Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akitusimulia juu ya miiba ya mkonge, mafungu ya majani unayotakiwa kuyakata kabla jua halijawa kali, na kadi ya kazi ya siku 30 ambayo usipoijaza hulipwi. Kilichomuuma zaidi, alisema, ni kuitwa kwa namba mpaka mwenyewe unaanza kuisahau sauti ya jina lako.

Edward wa Tunduru na babu zetu wa Buha walikata mkonge kwenye mkoa uleule, miaka ileile. Sisemi walikutana. Ila kijana uliyeniuliza swali, ujue kwamba mtu huyu hakutoka mbali na wewe.

Mkononi mwa Edward mkonge haukukaa sana. Baada ya miaka miwili mitatu alihamia Dar es Salaam, ambako ndugu yake mmoja alikuwa mpishi nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Kwa kupitia ndugu huyo, Edward naye akapata kazi, ya bustani. Kumwagilia, kupalilia, kukata majani, kupanga maua ya watu wengine mbele ya nyumba za watu wengine.

Halafu ukaja Uhuru wa 1961. Taifa zima lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini Waingereza wengi walirudi kwao, na mtunza bustani wa Mwingereza akabaki bila kazi. Furaha ya nchi na shida ya mtu mmoja vilifika pamoja. Maisha yana mambo kama hayo, na tusidhani kwamba imani inayafuta.

Miaka iliyofuata alikuwa mtu wa kila kazi. Vibarua vya hapa na pale. Matunda na mboga za kutembeza, yaani umachinga kabla neno lenyewe halijazoeleka. Muziki pia, maana alikuwa anapiga na kuimba na wenzake waliotoka kusini. Kurembesha kuta za nyumba za watu kwa rangi na michoro, ule ujuzi wa kijijini sasa ukiletwa mjini. Ukimkuta mwaka 1967, ukamuuliza kazi yake ni nini, angekutajia orodha. Na wewe kwa heshima ungeitikia, ukaenda zako ukisema moyoni kwamba kaka huyu bado hajajipata. Ana miaka 35. Hana cheti wala shamba.

Mwaka 1968, akiwa na miaka 36, alianza kuchora picha za kuuza.

Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliokuwa wakiuza picha zao kwa wageni, na inasimuliwa kwamba Edward aliziona, akajiuliza kwa nini naye asijaribu. Turubai hakuwa nalo, wala rangi za wasanii waliosomea. Alichukua ubao laini wa kuwekea dari, akaukata vipande vya mraba vya kama futi mbili. Akanunua rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa kwenye baiskeli. Akakoroga, akachora mnyama mmoja katikati, nyuma akaacha rangi moja tupu. Alipomaliza alitoka kwenda kuuza maeneo ya Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, ambako wazungu na watu wenye uwezo walikuwa wakifanya manunuzi.

Na picha zikanunuliwa.

Mimi si mtaalamu wa sanaa, lakini niliziangalia picha zake za mwanzo kwa muda mrefu kwenye simu, na nikaona kitu. Mnyama wake anasimama peke yake, mkubwa, akikutazama. Hana haraka. Sidhani kama mtu anaweza kuchora hivyo kama hajawahi kukaa kimya shambani, au hajawahi kutunza bustani siku nzima bila mtu wa kuongea naye. Rangi zile ni za fundi anayejua kuta. Ujasiri wa kusimama barabarani na bidhaa mkononi ni wa muuza mboga. Kila kibarua alichodhani kimepita bure kilikuwa kimeacha kitu mkononi mwake, na siku ya kuchora kila kitu kiliitwa kije kufanya kazi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sanaa ni akili iliyonyooka kuhusu kitu kinachotengenezwa, na kwamba uwezo wa namna hiyo unakaa ndani ya mtu kama mazoea mema, unajengwa kidogo kidogo kwa kutenda. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, bila kulielewa. Nimelielewa kwa Tingatinga. Mkono unasoma hata pale ambapo wewe unaona umefeli.

Ukitaka Biblia, fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza roho wake mtu mmoja aitwaye Besaleli. Tungetarajia awe nabii au kuhani. Kumbe ni fundi: wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Mungu ndiye anayelitaja jina lake, na kazi anayompa ni kuipendezesha hema ya Mungu. Na kabla ya kujengewa hema jangwani, watu hawa walikuwa wapi? Walikuwa Misri, watumwa wa matofali. Nadhani mkono wa Besaleli nao ulikuwa na makovu yake. Babu yangu manamba angemwelewa.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Picha zilipoanza kuuzika, Edward angeweza kuficha siri yake. Ujuzi ni mmoja, soko ni dogo, mwenye njaa mwingine akijua atakupunguzia wateja. Tunawajua watu wa hivyo. Pengine na sisi tumewahi kuwa hivyo, hata kwenye kwaya na hata seminarini. Yeye alifanya kinyume. Aliwakaribisha ndugu zake na watu wa kwao kusini, vijana waliokuja mjini bila chochote, wakakaa wakachora pamoja naye. Majina yao tunayo: Simon Mpata, Kaspar Tedo, Adeusi Mandu, January Linda, Ajaba Abdallah. Tazama majina hayo vizuri. Kuna Mkristo, kuna Mwislamu. Walikaa chini pamoja, wakichovya brashi kwenye makopo yaleyale. Hakuwatoza ada, wala hakuanzisha chuo.

Matendo ya huruma ambayo tumeyakariri kwenye katekisimu yana kipengele cha kuwafundisha wasiojua. Mara nyingi tunakiwaza kama kazi ya katekista. Lakini kumfundisha mwenye njaa kazi ya mikono, ukijua atauza pembeni yako, hiyo nayo ni huruma, na inagharimu.

Kuna huruma nyingine pia. Hata baada ya picha kuanza kununuliwa, Edward alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili kama mhudumu. Kazi ya wodini ya ngazi ile tunaijua: kuwasaidia wagonjwa kwa mambo yale ambayo wenye afya hawapendi kuyaona. Akitoka huko anarudi kwenye ubao wake na rangi zake. Sitaki kumvisha utakatifu ambao Kanisa halijamvisha. Alihitaji mshahara kama mtu yeyote, na mwaka 1970 alikuwa ameoa. Ila fikiria mkono uleule, mchana uko karibu na mwili wa mgonjwa, jioni unachora ndege. Mimi sioni kwamba ni kazi mbili zinazopingana. Mwili ule uliumbwa na Mungu na ndege yule aliumbwa na Mungu.

Mwisho wake unasikitisha, na sitauzunguka. Mwaka 1972, usiku, akiwa garini na wenzake Dar es Salaam, polisi waliidhania gari ile kuwa ya wahalifu waliokuwa wanatoroka. Wakapiga risasi. Edward akafa. Alikuwa na miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Nilipofika hapa kwenye kuandika niliweka kalamu chini. Maana kama lengo langu lilikuwa kumtia moyo rafiki yangu, mwisho huu unaharibu hesabu. Ingekuwa vizuri zaidi kama angezeeka tajiri, akajenga ghorofa, nikamalizia kwa kusema vumilia na wewe utafanikiwa. Wahubiri wa mafanikio wangependa hadithi ya namna hiyo. Lakini injili yetu ina msalaba katikati, na aliyetundikwa juu yake naye aliuawa kijana, baada ya miaka michache ya kazi ya wazi, na kabla ya hapo alikuwa seremala wa kijijini kwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Miaka ile ya Nazareti hakuna Mkristo anayesema ilipotea bure.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jibu langu si kwamba utakuwa maarufu. Tingatinga hakujua kwamba atakuwa maarufu. Hakujua kwamba wanafunzi wake wataendelea baada ya mazishi, watawafundisha wengine, na kwamba mwaka 1990 watakuwa na chama chao cha ushirika kilichobeba jina lake Dar es Salaam. Hakujua kwamba picha za mtindo wake zitapendwa mpaka Japani, au kwamba mwaka 2010 watoto wa Uingereza watakuwa wanaangalia katuni za Tinga Tinga Tales zilizotengenezwa Nairobi, wanyama wote wakiwa wamevaa madoa yake. Familia nyingi zimelipa ada na kodi ya nyumba kutokana na kitu alichokianzisha kwa rangi ya baiskeli. Yeye hakuona hata kimoja. Alichoona ni ubao wa siku ile, na wenzake waliokaa kuuzunguka.

Jibu langu basi ni dogo. Uliniuliza Mungu ana mpango gani na mtu anayeanza upya kila mara. Nadhani swali lina kosa ndani yake. Wewe unaona unaanza upya kwa sababu unahesabu mikataba. Mungu hahesabu mikataba, anamwangalia mtu, na mtu ni yuleyule aliyelima, aliyebeba matofali, aliyepaka rangi kuta za Kibondo. Hakuna hata siku moja ulipoanza kutoka sifuri. Ulichojifunza kambini juu ya kuongea na mtu aliyepoteza nyumba yake hakikuisha na mkataba. Kiko mkononi mwako bado. Siku kitakapoitwa, kiitike.

Na usisubiri siku hiyo peke yako. Kama kuna kitu kimoja unakijua, hata kama ni kuchanganya rangi isipauke, mwite mdogo wako mmoja wa jumuiya umwonyeshe. Mfano wa talanta unatutisha kwa sababu ya yule aliyefukia ardhini. Alifukia kwa woga. Edward Tingatinga, pamoja na umaskini wake wote, hakufukia.

Kwa wengine mnaosoma, vijana wa VIWAWA, TYCS na wote, wiki hii nawaombeni mambo matatu:

1. Andika kwenye karatasi kazi zote ulizowahi kufanya, hata zile unazozionea aibu. Mbele ya kila moja andika kitu kimoja ilichokufundisha. Ipeleke karatasi hiyo mbele ya Ekaristi.

2. Mfundishe mtu mmoja jambo moja bila malipo.

3. Nenda ukamtembelee mgonjwa wodini, kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu nawe, na umsalimie mhudumu wa usafi kwa jina lake. Sio kwa namba, sio kwa cheo.

Tusali.

Ee Mungu Muumba, uliyemjaza roho wako Besaleli fundi, na ukamkabidhi Mwanao kwa Yosefu seremala, tunamkumbuka mtumishi wako Edward, aliyeondoka duniani ghafla usiku. Mpokee katika mwanga wako, pamoja na vibarua wote wa mkonge waliokufa mbali na nyumbani, na wote waliouawa bila kosa. Utupe sisi vijana moyo wa kuheshimu kila kazi halali, na mkono uliofunguka kwa wenzetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Kumsenga